Sakafu Niliyoishuku

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akinichekea sana naangalia mkono wake mwingine umeshika nini. Kwa hiyo siku ya kwanza niliyokanyaga ile sakafu ya Abu Hamour, mtaa wa Doha, bila viatu, nyayo zangu zikapata joto, sikumshukuru Mungu kama Mama, wala sikuruka-ruka kama wajukuu zake. Niliondoa mguu. Nikajiuliza: hili joto linatoka wapi, na kwa nini limejificha?

Nieleze kwanza nilikuwa nani pale. Nilikuwa nimeajiriwa kumtunza mama mmoja mzee, mjane, katika nyumba ya binti yake. Huyo binti ndiye aliyeniandika kazi, na nilimwita Madam, kama tunavyowaita wote. Mama mwenyewe nilimwita Mama tu, naye aliniita binti yangu kwa Kiarabu chake cha kuvuta maneno. Ukisoma karatasi ya kazi utadhani nilikuwa na majukumu ishirini: dawa, chakula, kuoga, kumsindikiza hospitali. Kwa kweli lilikuwa moja. Miguu.

Mama alikuwa na sukari ya miaka mingi. Kidole gumba cha mguu wa kulia walikuwa wamekikata kabla mimi sijafika. Kuhusu mguu wa kushoto, daktari alituambia mimi na Madam bila kuzungushazungusha: kidonda kimoja kikiingia pale na kikichelewa kuonekana, watakata, na safari hii haitakuwa kidole. Kuanzia vifundoni kwenda chini Mama hakuwa akisikia kitu. Ungeweza kumchoma mwiba na bado akaendelea kukupigia hadithi. Kwa hiyo kila siku jua likizama, akishamaliza swala, nilikaa kwenye stuli, nikaweka miguu yake mapajani mwangu, nikaikagua: kisigino, katikati ya vidole, kucha, pembeni kote. Ule mguu wa kushoto niliujua kuliko ninavyoijua yangu mwenyewe. Nilishasahau kovu langu la goti nililipata wapi, lakini mstari wa kisigino cha Mama ningeuchora nimefumba macho.

Sasa, hiyo sakafu. Mama alikuwa amepelekwa Ujerumani kutibiwa, na nyumba waliyopanga huko ilikuwa na sakafu inayopashwa moto kwa chini. Akaipenda. Aliporudi Doha hakuwa na habari nyingine. Kila mgeni aliyekuja kumwamkia alielezwa jinsi Wajerumani wanavyokanyaga joto asubuhi. Basi Madam alipokarabati vyumba vya chini, kwa kuwa Mama ngazi zilishamshinda, akaita watu wakatandaza nyaya za stima chini ya marumaru, chumbani kwa Mama na kwenye kisebule cha pembeni anapokaa mchana.

Watu walicheka. Dereva wa nyumba, Mganda mmoja mtu mzima mwenye maneno yake, alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari.

"Dada," akaniambia, "miezi minane hapa tunaishi ndani ya tanuri, tunalilia AC. Leo kuna mtu anataka kupikwa kutoka chini."

Lakini baridi ya Doha ipo, asikudanganye mtu. Mwezi wa kwanza upepo wa kaskazini ukishika, zile nyumba kubwa za mawe zinakuwa baridi kuanzia ukutani mpaka kwenye kijiko. Zimejengwa kupigana na jua, baridi haikupangiwa kitu. Na Mama, licha ya kutosikia mwiba, alikuwa akisikia baridi miguuni muda wote. Daktari alisema ni mishipa inayomdanganya. Alikuwa akinyoosha miguu na kulalamika, "Barafu, binti yangu, barafu," hali mimi nimeigusa na iko sawa tu.

Kwa hiyo nyumba nzima ilifurahia ile sakafu isipokuwa mimi. Mimi natoka Molo. Sihitaji mtu wa kunifundisha baridi. Kwetu asubuhi unavunja barafu nyembamba kwenye beseni lililolala nje, na bado unaenda shule. Lakini kwetu joto lina uso. Ni jiko, unaliona jekundu, lina sauti, linakunukia. Na hata hilo jiko si la kuaminiwa. Nikiwa darasa la sita, jirani zetu wawili, mke na mume, waliingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha vizuri, na hawakuamka tena. Hakuna aliyesikia harufu. Nilipelekwa pamoja na watoto wengine kuimba kwenye mazishi, na tangu siku hiyo joto linaloingia kimyakimya mimi silipendi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nikaanza kuichunguza. Jambo la kwanza, stima na maji. Mimi ndiye nilikuwa napiga deki pale, na hakuna aliyeniambia maji yakipenya kwenye mistari ya marumaru yanakutana na nini huko chini. Nikanunua ndara nene za mpira, na sikuingia chumba cha Mama bila hizo. Madam aliniuliza kama nina ugonjwa wa miguu. Nikasema ndiyo. Jambo la pili, kile kidude cha ukutani cha kuongeza na kupunguza joto. Kilikuwa na taa ndogo ya kijani ambayo iliwaka ukipita karibu. Sasa kidude cha joto kinataka kujua nimepita kwa nini? Dereva, badala ya kunituliza, akanichochea. Akasema ana ndugu yake mlinzi kwenye hoteli moja ya West Bay, na huko sakafu zinahesabu miguu ya wafanyakazi, ofisini wanajua nani amekaa na nani amesimama. Nilijua anatania. Hata hivyo sikupiga simu ya nyumbani tena nikiwa chumba kile. Nilitoka nje nikasimama kando ya mapipa ya taka.

Halafu akaja fundi.

Alikuja kukabidhi kazi, mtu wa miaka hamsini hivi, Mnepali, masharubu yenye mvi, aliyekuwa akiishi huko Industrial Area na kuletwa na basi la kampuni. Madam alikuwa kwenye simu. Akatia sahihi alipoonyeshwa, akamwambia anielekeze mimi kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda na Mama, akaenda zake. Tukabaki wawili. Yeye na mimi tuliongea ile lugha ya Doha isiyo ya mtu yeyote, Kiarabu kidogo, Kiingereza kidogo, mikono mingi, lakini tulielewana vizuri kabisa. Hilo nalisisitiza, kwa sababu ningeweza kusingizia lugha.

Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye marumaru. "Hapa usifunike," akasema. "Zulia nene, hapana. Godoro, hapana. Blanketi, hapana. Joto lazima lipande litoke. Ukilifunika linajaa pale pale."

Nikamuuliza kama ni salama. Akasema ni salama sana, hakuna shida. Nikamuuliza tena, mbona basi kisifunikwe kitu salama? Akatazama saa, basi lilikuwa linamngoja nje, akarudia maneno yaleyale. Nilimkaribisha chai, akakataa. Hakuniangalia usoni.

Ukiwa umekulia Kenya unajua mafundi. Wewe msomaji unawajua. Fundi akikwambia atakuja kesho, usiende popote kesho, maana hatakuja. Akikwambia hiki kipuri kimekwisha, kipuri kizima kiko mfukoni mwake. Na fundi akikwambia usiguse hapa, basi hapo ndipo alipoharibu. Baba yangu alijengewa choo na fundi aliyetukataza kumwaga maji mengi kwenye kona fulani, akidai saruji inataka kupumzika. Kumbe kona ile haikuwa na saruji, ilikuwa udongo umepakwa rangi. Kwa hiyo yule Mnepali alipokuwa akiniambia usifunike, mimi nilikuwa nasikia kitu kingine. Nilijiambia: huyu anaogopa tukifunika, joto halitafika juu, Madam atasema kazi ni mbovu. Anajitetea huyu. Niliitikia kwa kichwa, nikamfungulia mlango, na Madam alipouliza fundi amesema nini nikamjibu amesema hakuna shida.

Shida yangu ilikuwa moja, na sikuificha. Mama, kama wazee wengi wa pale, hakupenda viti. Alikaa chini, kwenye godoro jembamba la kuegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, visigino juu ya marumaru tupu. Saa tatu, nne, akipokea wageni, akitazama runinga, akivuta tasbihi. Mguu usiosikia umekaa juu ya kitu chenye joto ambalo hakuna anayeliona. Nilimwambia Madam siipendi. Akaweka mkono kwenye marumaru mbele yangu, akasema ni vuguvugu tu, hata mtoto mchanga angelala hapa. Na kweli ilikuwa vuguvugu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua.

Kwanza nikajaribu soksi. Mama alizivua kutawadha na akakataa kuzirudisha, mara tano kwa siku, mpaka nikachoka mimi. Ndipo Alhamisi moja nikatoa kabatini lile blanketi zito la manyoya, lile ambalo kila Mkenya anayerudi nyumbani kutoka Ghuba hulipigania liingie kwenye sanduku, nikalikunja mara nne, nikalitandika mbele ya godoro mahali visigino vinapotua. Nikalipapasa. Laini, nene. Nikasema moyoni, sasa fundi na ujanja wake wabaki huko chini, Mama abaki huku juu. Jioni nikakagua miguu, ikawa safi kabisa. Nikajisifu.

Kesho yake Ijumaa. Asubuhi naenda kanisani, maana Doha sisi Wakristo tunasali Ijumaa, siku ya mapumziko. Nikarudi mbio kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ukoo mzima huja kula kwa Mama. Wanakuja wana, wakwe, wajukuu, kila mmoja anainama kumbusu Mama kipaji cha uso. Sinia za wali na mbuzi zinaingia, zinatoka, kahawa inamiminwa kwenye vile vikombe visivyo na mkono, uvumba unazungushwa. Mimi nilikuwa jikoni na nje ya jikoni kuanzia adhuhuri. Mama alikaa pale pale kwenye kona yake, mwenye furaha, akisimulia.

Nilipita na birika la kahawa mara nyingi. Mara moja, nakumbuka, niliangalia miguu yake. Haikuonekana. Alikuwa ameiingiza chini ya blanketi, kati ya blanketi na marumaru, na kulivuta lifunike vizuri. Nikafikiri, vyema, amejifunika, hana baridi. Nikaenda kumimina kahawa.

Nilipokaa kwenye stuli yangu baada ya magharibi, wageni wakiwa wameanza kuondoka, nikauinua mguu wa kushoto. Kisigino na ukingo wake wa nje vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Pembeni pamekuwa pekundu, na malengelenge mawili, moja limepasuka. Nikabonyeza ule weupe kwa kidole. Haukurudisha rangi. Mama aliendelea kunisimulia habari za mjukuu wake aliyefaulu mtihani.

Niseme ukweli wa nilichohisi, hata kama hakinipendezi. Kwanza hofu. Halafu, nyuma ya hofu tu, nikahisi ushindi. Nilisema. Si nilisema? Nikamwita Madam nikamwonyesha, nikamwambia sakafu imemchoma Mama, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingojea siku hiyo. Yeye akazima kidude cha ukutani, akampigia daktari wa kliniki, wakakubaliana aletwe kesho asubuhi. Akapiga simu kampuni ya mafundi, na maneno aliyowaambia sitayarudia. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshalikunja lile blanketi, lilikuwa na unyevu wa lengelenge, nikalitia kwenye mashine ya kufua. Hakuna aliyeniambia nilifue. Hata mimi sikujiambia.

Asubuhi fundi alifika mapema, yule yule. Alikuwa na kipima joto mfano wa bastola, unakielekeza chini kinakupa namba. Akawasha, akangoja, akapima kisebule kizima kidogo kidogo, hasa ile kona ya Mama. Kote sawa. Kote vuguvugu. Akamwonyesha Madam namba. Kisha akainua macho akaniangalia mimi, safari hii usoni kabisa.

"Palikuwa na kitu kimefunika hapa?"

Madam naye akanigeukia.

"Hapana," nikasema.

Fundi hakubishana. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akakusanya vifaa vyake. Madam alimwambia bosi wa fundi kwa simu, mbele ya fundi mwenyewe, kwamba mtu huyu asitumwe tena nyumbani kwake. Fundi alisimama akasikiliza mpaka mwisho, halafu akavaa viatu mlangoni.

Kwenye gari kuelekea kliniki nilishuku kila mtu. Nilimshuku fundi, kwamba ameitengeneza kimya kimya alipokuwa amepiga magoti. Nikawashuku wajukuu, wale wawili wanaopenda kubonyeza vitu, kwamba walipandisha joto wakati wa chakula. Nikamshuku Madam mwenyewe. Namba za fundi zilikuwa zimemchanganya, naye njiani akapata jibu lake: kama sakafu ni nzima, basi mtoto mmojawapo alimwagia bibi yake kahawa na akaogopa kusema. Alinigeukia akaniuliza kama inawezekana. Nikasema inawezekana sana. Ona nilivyokuwa, nikashika hata kahawa ya mtoto ilimradi nisimame mbali na blanketi.

Daktari alikuwa na foleni. Madam alimweleza habari ya kahawa, akaangalia, akasema ni kuungua kwa juu, apakwe dawa, afungwe bandeji, warudi baada ya wiki. Akatutoa kwenda chumba cha kufunga vidonda.

Nesi aliyetupokea alikuwa Mkenya. Nilimjua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyosogeza kiti kwa mguu huku mikono ina glavu. Alimwamkia Mama kwa Kiarabu, mimi akanisalimu kwa Kiswahili, "Habari ya nyumbani, dada?" Akaushika ule mguu, akauinua kwenye taa. Akaugeuza, akakagua chini ya kisigino.

"Nani amesema hii ni kahawa?" akauliza, bado kwa Kiswahili, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Nikasema ni Madam.

"Kahawa inamwagika kutoka juu. Ingemchoma huku mbele, kwenye vidole. Hii iko chini ya kisigino. Na tena angalia huu weupe. Maji ya moto yanababua ngozi ya juu. Hii ni joto la polepole lililokaa saa nyingi, na hilo huenda chini. Hapa juu unaona sarafu, ndani inaweza kuwa sahani." Akanitazama. "Alikuwa amekanyaga nini?"

Nikasema sijui.

"Dada, nikiufunga hivi, mmeambiwa mrudi wiki ijayo. Wiki moja kwa mguu wa sukari, kama chini kumekufa, ni nyingi. Wataukata. Lakini siwezi kumwambia daktari kitu ambacho sikukiona. Wewe ulikuwepo."

Madam alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, anaandika ujumbe kwenye simu. Hakuelewa neno hata moja. Mle chumbani tulikuwa wanne, na wawili tu ndio waliojua kinachosemwa. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe. Na unajua nilifanya nini? Nilimshuku na nesi. Nikawaza, huyu ananitega, akishapata neno langu ananigeuka, atajipatia sifa. Niliuona uwanja wa ndege. Nilimwona mama yangu Molo akiuliza imekuwaje umerudi kabla ya mkataba kwisha.

Kisha Mama akanivuta mkono wa nguo. Alitaka maji.

Nikamnywesha. Alikunywa polepole, mkono wake juu ya wangu, na mguu wake uko hewani mikononi mwa mtu mwingine kana kwamba si wake. Waliotutangulia walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekipekua chini ya marumaru, ukutani, mfukoni mwa fundi, kwenye vidole vya watoto. Nilijua. Nadhani nilijua tangu nilipobonyeza kitufe cha ile mashine ya kufua.

"Ni mimi," nikamwambia nesi. "Nilitandika blanketi zito juu ya sakafu ya joto. Nilikatazwa. Akaingiza miguu chini yake. Saa nne, labda tano."

Nesi hakunipa pole wala hakunilaumu. Alisema, "Sasa mwambie mwenye mama yake. Mimi namwita daktari." Akatoka.

Nilimwambia Madam kwa Kiarabu changu kibovu, maneno yote, pamoja na fundi, pamoja na "hapana" niliyomwambia fundi, pamoja na mashine ya kufua. Alinisikiliza simu ikiwa bado imewaka mkononi. Hakunipigia kelele. Kelele ingekuwa nafuu.

Siku hiyo hiyo Mama alihamishiwa hospitali kubwa. Walimkata nyama iliyokufa kisiginoni, na nesi alikuwa amesema kweli, chini palikuwa papana kuliko juu. Mfupa ulikuwa haujaguswa. Daktari wa upasuaji alimwambia Madam kwamba siku chache zaidi, tatu, nne, na wangekuwa wanazungumza habari nyingine kabisa. Mguu ulibaki. Ulichukua miezi kufunga, na kila siku ya miezi hiyo ilikuwa na harufu yake na hofu yake, lakini ulibaki.

Madam hakusema nami ila la lazima kwa siku mbili. Ya tatu, tukiwa kwenye korido ya hospitali, akaniuliza swali moja: kwa nini sikumwamini fundi? Nikamjibu kwamba kwetu mafundi husema uongo. "Na kwenu watunzaji wa wagonjwa?" akauliza. Akapiga simu kampuni, akaeleza yote, akanipa simu nimwombe yule fundi msamaha mwenyewe. Nilijieleza sana. Fundi alisubiri nimalize, akauliza hali ya Mama, akasema, "Sawa, dada." Nilidhani ningefukuzwa. Sikufukuzwa, na mpaka leo sijui kwa nini. Nilishindwa hata kumuuliza Madam, nikiogopa atakumbuka.

Lakini Mama mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa. Madam aliniachia kazi hiyo. Alasiri moja, akiwa ameamka vizuri, mto mgongoni, nilivuta kiti nikakaa karibu na uso wake. Nikamweleza. Nikasema fundi alinikataza, nami kwa ukaidi wangu nikatandika, na ni blanketi langu lililomchoma wala si sakafu. Nikamwomba anisamehe. Nililia, sikuweza kujizuia.

Alinisikiliza huku akichezea shanga za tasbihi. Nilipomaliza akasema miguu ilikuwa barafu siku ile, na wageni walikuwa wengi, hakutaka kumsumbua mtu.

"Nikaliona lile blanketi. Nikajua ni wewe umeliweka. Nikaingiza miguu."

"Hukuangalia kwanza, Mama?" nikamuuliza. "Wewe uliyefundishwa na madaktari wote wale, upapase kwa mkono kabla hujaweka mguu popote?"

"Nikiweka kitu mwenyewe napapasa. Akiweka mjukuu, napapasa. Akiweka binti yangu mwenyewe niliyemzaa, napapasa," akasema, akageuza kichwa kwenye mto atafute usingizi. "Ukiweka wewe, nipapase nini?"

Nilitamani angenitukana.